Wavu wa Kuba na Funzo kwa Watu wa Visiwani

Tarehe 11 Agosti, 2024, mjini Paris, wanawake wa Italia waliwashinda wanawake wa Marekani seti tatu kwa bila na kutwaa medali ya dhahabu ya mpira wa wavu katika Michezo ya Olimpiki. Magazeti ya dunia yaliandika mengi juu ya walioshinda na walioshindwa. Sisi leo tunapenda kuzungumza habari za wale ambao hawakuwepo. Timu ya wanawake ya Kuba haikuwepo Paris. Haikuwepo Tokyo mwaka 2021, wala Rio de Janeiro mwaka 2016, wala London mwaka 2012. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2009 amekua mpaka akabaleghe bila ya kuwaona wanawake wa kisiwa kile wakicheza mpira wa wavu katika Olimpiki hata mara moja.

Huenda msomaji akauliza: habari hiyo inatuhusu nini sisi wa huku? Jawabu letu ni kwamba inatuhusu sana. Kuba ni kisiwa kama tunavyoishi sisi visiwani. Ni nchi iliyolimishwa miwa na wageni kama baadhi ya visiwa vya bahari yetu vilivyolimishwa karafuu na minazi. Katika miaka ya tisini watu wake hawakuzidi milioni 11 au karibu ya hapo, nao walishindana na China yenye watu zaidi ya milioni elfu moja, wakaishinda. Taifa dogo lililopata kuwa la kwanza ulimwenguni, kisha likatoweka kabisa katika orodha, lina mambo mawili ya kutufundisha: namna ya kupanda, na namna ya kuanguka. Wengi hupenda kusoma funzo la kwanza tu. Sisi tunaona kwamba la pili ndilo lenye manufaa zaidi kwa mtu aliyekabidhiwa dhamana ya umma.

Tuanze na kupanda. Kabla ya Mapinduzi ya 1959 michezo ya Kuba ilikuwa ni ngumi na besiboli za kulipwa, na vilabu vya pwani ambavyo mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia mlangoni. Mwaka 1961 serikali mpya iliunda chombo kimoja cha taifa cha kusimamia michezo na elimu ya viungo. Mwaka 1962 michezo ya kulipwa ilifutwa. Mwaka 1967 viingilio vya viwanjani viliondolewa, mwananchi akawa anaingia bure. Hatua hizo zilisifiwa na wengine na kulaumiwa na wengine, lakini jambo moja halina ubishi: mchezo uliondoka mikononi mwa wachache ukapelekwa skuli. Kila mkoa ukawa na skuli ya michezo ambako mtoto alisoma hesabu na lugha asubuhi, na jioni akafundishwa mchezo wake na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Mtoto wa mkata miwa wa Camagüey na mtoto wa kuli wa bandari ya Havana wakalala bweni moja.

Timu ya wanawake ya mpira wa wavu ilikabidhiwa kwa Eugenio George Lafita, mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuichezea timu ya taifa ya wanaume. Hakuanza kwa ushindi. Katika mashindano ya Ubingwa wa Dunia ya mwaka 1970, na tena ya 1974, Kuba haikupanda jukwaa la washindi. Mjini Montreal mwaka 1976 ilikuwa ya tano. Wakati huo wafalme wa mchezo walikuwa Wajapani na Warusi. Japani ilitwaa dhahabu ya Montreal bila ya kupoteza seti hata moja.

Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1978, mashindano ya Ubingwa wa Dunia yalifanyika katika Umoja wa Kisovieti. Wanawake wa Kuba, wakiwemo Mercedes Pérez, Mercedes Pomares na Lucila Urgellés, walikutana na Japani hiyo hiyo katika mchezo wa mwisho na kuishinda seti tatu kwa bila. Tangu mashindano hayo yaanzishwe mwaka 1952, taji la wanawake lilikuwa likipokezana baina ya Umoja wa Kisovieti na Japani peke yao. Kisiwa cha Karibi kikaingia mlango ambao hata mataifa makubwa ya Ulaya yalikuwa yameushindwa.

Tunaomba afisa yeyote anayesoma tahariri hii aihesabu miaka. Kutoka 1961 chombo kilipoundwa hadi 1978 taji lilipopatikana ni miaka 17. Laiti wakubwa wa Havana wangedai medali katika mwaka wa tatu, na walipoikosa wakamfukuza mwalimu na kuvunja timu, leo kusingekuwa na historia ya kusimuliwa.

Baada ya 1978 lilikuja jambo la kusikitisha. Mjini Moscow mwaka 1980 mabingwa hao wa dunia walirudi katika nafasi ya tano. Mwaka 1984 nchi nyingi za kijamaa zilisusia Michezo ya Los Angeles, na Kuba ikiwa miongoni mwao. Mwaka 1988 Kuba haikwenda Seoul, kwa kushikamana na Korea ya Kaskazini. Hatuna nia ya kuhukumu leo siasa za wakati ule. Kila taifa lina haki ya kuchagua marafiki zake. Lakini ni haki kusema pia kwamba gharama ya uamuzi huo ililipwa na wasichana ambao umri wao wa kucheza haukuweza kusubiri. Mchezaji wa wavu hana miaka mingi ya ubora wake. Walikuwapo waliofikia kilele chao kati ya michezo hiyo miwili, wakastaafu bila ya kuonja Olimpiki. Taifa linapowaomba raia wake wajitolee, basi lisiwasahau baadaye waliotoa.

Pamoja na hayo kazi haikusimama. Mwaka 1986 Kuba ilipata medali ya fedha ya Ubingwa wa Dunia, ikifungwa na China katika mchezo wa mwisho. Katika timu hiyo alikuwemo binti wa miaka 19 kutoka Camagüey, jina lake Mireya Luis, ambaye alirudi uwanjani majuma machache tu baada ya kujifungua mtoto. Kimo chake kilikuwa mita 1.75, na hicho si kimo kikubwa katika mchezo huu. Wavu wa wanawake una urefu wa mita 2.24. Lakini binti huyu alipoupiga mguu chini akaruka, kichwa na mabega yake vilionekana juu ya wavu, na mpira ukateremka upande wa pili kama nazi inayoanguka kutoka mnazini. Alikuwa nahodha na ndiye aliyeipa timu ile roho yake.

Sasa tunafika katika kipindi ambacho mfano wake haujaonekana. Kutoka mwaka 1989 hadi 2000 yalifanyika mashindano makubwa kumi ya wanawake: Olimpiki tatu, Ubingwa wa Dunia mara tatu, na Kombe la Dunia mara nne. Kuba ilishinda tisa. Kombe la Dunia la 1989, la 1991, la 1995 na la 1999 yote yalikwenda Havana. Ubingwa wa Dunia wa 1994 waliutwaa huko Brazili kwenyewe, kwa kuwafunga wenyeji seti tatu kwa bila mbele ya watu wao. Na wa 1998 waliutwaa Japani kwa kuifunga China. Ni mashindano ya mwaka 1990 tu, yaliyochukuliwa na Umoja wa Kisovieti, ndiyo yaliyowaponyoka.

Na juu ya yote hayo ni Olimpiki. Barcelona 1992: waliwatoa Wamarekani kwa seti tatu kwa mbili, kisha wakaifunga timu ya pamoja ya zilizokuwa jamhuri za Kisovieti kwa tatu kwa moja. Regla Torres, mzaliwa wa Havana, alivaa dhahabu akiwa na umri wa miaka 17. Atlanta 1996: walifungwa na Brazili katika makundi, wakakutana nayo tena katika nusu fainali, wakashinda kwa seti tatu kwa mbili katika mchezo uliomalizika kwa wachezaji wa pande mbili kushikana na kupigana, jambo la aibu ambalo hatulifichi, kisha wakaifunga China tatu kwa moja. Sydney 2000: katika mchezo wa mwisho Urusi ilishinda seti mbili za mwanzo, 27 kwa 25 na 34 kwa 32. Watu wengi walikwisha kuiandika Kuba katika daftari la walioshindwa. Wanawake wale wakashinda seti tatu zilizofuata, 25 kwa 19, 25 kwa 18, na 15 kwa 7. Mireya Luis, Regla Torres na Regla Bell walikuwemo mara zote tatu. Hakuna taifa jingine, kwa wanaume wala kwa wanawake, lililopata dhahabu tatu mfululizo za mchezo huo hadi kumalizika kwa Michezo ya Paris. Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu lilimtaja Regla Torres kuwa mchezaji bora wa kike wa karne ya ishirini, na Eugenio George kuwa mwalimu bora wa timu za wanawake wa karne hiyo.

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji atulie na kufikiri pamoja nasi, kwa kuwa ndipo penye siri ya mambo. Medali hizo za dhahabu zilipatikana wakati gani? Zilipatikana wakati wa njaa. Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991, na Kuba, ambayo tangu mwaka 1962 imewekewa vikwazo vya biashara na Marekani, ikapoteza mnunuzi wa sukari yake na muuzaji wa mafuta yake kwa mpigo mmoja. Wakubwa walikiita kipindi hicho "Kipindi Maalumu". Umeme ulikatika kwa saa nyingi, mabasi yakasimama, watu wakapanda baiskeli, chakula kikapungua mezani. Na katika miaka hiyo hiyo wanawake wa wavu walikuwa wakirudi na dhahabu.

Afisa asiye na uangalifu angeyatazama hayo na kusema: kumbe timu haihitaji fedha, kumbe moyo wa uzalendo unatosha, tukipunguza bajeti ya skuli za michezo hakuna kitakachoharibika. Huo ndio udanganyifu mkubwa wa medali. Msichana aliyeshinda Barcelona hakulelewa mwaka 1992. Alilelewa katika miaka ya themanini, wakati mabweni yalipokuwa na maziwa, viatu na walimu. Dhahabu ya leo ni mbegu ya miaka kumi au kumi na tano nyuma, kama vile mkarafuu tunaouchuma leo ulivyopandwa na mzee ambaye pengine hayupo tena. Na kwa hesabu hiyo hiyo, mtoto aliyekosa maziwa na mwalimu mwaka 1993 hakuonekana kuwa ni hasara mwaka 1993. Hasara yake ilikuja kuonekana baada ya mwaka 2005, pale alipotakiwa kusimama wavuni naye hayupo.

Ndivyo ilivyokuwa. Athens 2004 Kuba ilipata shaba kwa kuifunga Brazili. Mwaka 2007 iliwafunga Wabrazili huko Rio katika Michezo ya Nchi za Amerika, mashindano ambayo iliyashinda mara saba mfululizo kutoka 1971 hadi 1995. Beijing 2008 ilikuwa ya nne. Baada ya hapo taa ilizimika. Tangu taji lile la 1998 Kuba haijapata medali yoyote ya Ubingwa wa Dunia ya wanawake.

Watu wameeleza sababu kwa namna mbili. Marafiki wa Kuba husema: ni vikwazo vya Marekani. Maadui zake husema: ni mfumo wenyewe. Sisi tunaona kwamba kila upande umeshika nusu ya kweli na kuifanya nzima.

Ni kweli kwamba vikwazo viliumiza. Timu hainoi makali yake bila ya kusafiri, na kusafiri ni fedha za kigeni. Ni kweli pia kwamba dunia haikusimama kuingoja Kuba. Brazili ilijenga ligi yenye nguvu na kutwaa dhahabu za Beijing na London. Sheria za mchezo nazo zilibadilika mwishoni mwa miaka ya tisini: kila mpira ukawa na pointi, na kila timu ikaruhusiwa mlinzi maalumu wa nyuma. Timu iliyotegemea kuruka na kupiga kuliko wengine wote ilibidi ijifunze upya kupokea na kulinda.

Lakini ni kweli vile vile kwamba mlango ulifungwa kutoka ndani. Mchezaji aliyetaka kwenda kucheza Italia au Urusi kwa mkataba wake mwenyewe alihesabiwa kuwa ameiacha nchi, na akifanya hivyo hakurudi tena katika timu ya taifa. Taismary Agüero, aliyekuwa na dhahabu za Atlanta na Sydney, aliondoka mwaka 2001. Mwaka 2007 alikuwa akiichezea Italia iliyotwaa ubingwa wa Ulaya na Kombe la Dunia. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kila mwaka. Ni mwaka 2013 tu ndipo serikali ya Havana ilipotangaza kwamba wanamichezo wake wataruhusiwa kufunga mikataba nje na kuendelea kuwa watu wa taifa lao. Uamuzi ulikuwa mzuri, ila ulichelewa. Melissa Vargas, mzaliwa wa Cienfuegos wa mwaka 1999, aliingizwa katika timu ya wakubwa angali mtoto mdogo, kwa kuwa wakubwa wenyewe walikwisha kuondoka. Hatimaye naye akaondoka. Mwaka 2023 Uturuki ilitwaa ubingwa wa Ulaya, na mchezaji aliyetajwa kuwa bora kuliko wote alikuwa ni huyo binti wa Cienfuegos.

Mti ulipandwa Kuba, ukamwagiliwa maji na kodi ya mkulima wa Kuba, tunda likaliwa Istanbul. Tumlaumu nani? Kumlaumu binti peke yake ni rahisi. Kijana anayetazama nyumba ya mama yake ikivuja hawezi kuambiwa miaka yote kwamba heshima ya taifa itaziba paa. Lakini kuilaumu serikali peke yake nako ni kusahau kwamba bila ya skuli ile ya bure pengine binti huyo asingelijua hata umbo la mpira wa wavu. Kosa, kwa maoni yetu, lilikuwa ni kudhani kwamba aliyesomeshwa na taifa ni mali ya taifa. Mtu si mali. Mtu hufungwa na nchi yake kwa mapenzi na kwa haki, na hayo mawili hayawekwi kwa kufuli.

Yapo basi mafunzo matatu kwa sisi watu wa visiwani na kwa wale tuliowakabidhi kazi ya kutuongoza.

La kwanza ni kwamba nguvu za michezo hazipimwi kwa vikombe vilivyomo kabatini, bali kwa idadi ya watoto wanaoanza. Mkuu wa idara anayetaka kujua hali ya mchezo wowote asiingie katika ofisi ya chama cha mchezo huo kutazama picha. Aende skuli ya shamba saa kumi za jioni ahesabu mwenyewe: ni skuli ngapi zina wavu uliosimama? Mipira ni mingapi kwa watoto wangapi? Mwalimu wa michezo anayo posho ya nauli, au anafanya kazi kwa huruma yake? Majawabu ya maswali hayo ndiyo matokeo ya mashindano yatakayochezwa miaka kumi na mitano ijayo.

La pili linawahusu wazazi. Kuna watu miongoni mwetu ambao binti yao akifikia miaka kumi na miwili humtoa uwanjani kwa kuhofia sitara yake. Hofu hiyo hatuidharau. Sisi wenyewe tumekaa chuoni mbele ya mwalimu, na tunaijua thamani ya haya. Lakini sitara na mchezo si maadui. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 mabinti wa Misri walicheza mpira wa wavu wa ufukweni, mchezo unaojulikana kwa mavazi yake mafupi, nao wamejifunika mikono na miguu, na mmoja wao akiwa katika hijabu yake. Sheria iliwaruhusu na dunia iliwaheshimu. Kama tatizo ni nguo, basi zishonwe nguo. Kama tatizo ni uwanja ulio wazi kwa wapita njia, basi ujengwe ukuta. Asinyimwe mtoto afya na furaha yake kwa sababu watu wazima wameona uvivu wa kutafuta ufumbuzi.

La tatu ni juu ya wanaoondoka. Visiwa siku zote vimetoa mabaharia, na sasa vinatoa madaktari, mafundi na wachezaji. Hatutaweza kuwazuia wote, wala si busara kujaribu. Linalowezekana ni kuuacha mlango wa kurudi wazi: anayecheza ng'ambo aitwe katika timu kwa heshima, apokewe akirudi, na ujuzi wake utumike kufundisha wadogo zake. Kuba ilichukua zaidi ya miaka kumi kulikubali jambo hilo, na katika miaka hiyo ilipoteza kizazi kizima. Sisi hatuna sababu ya kulipa ada hiyo mara ya pili wakati mwenzetu amekwisha kutulipia.

Eugenio George alifariki dunia mwaka 2014, akiwa ameona yote mawili: kilele na mteremko. Alianza na wasichana ambao hawakujulikana na yeyote, katika kisiwa ambacho wakubwa wa dunia walikidharau, akawapa mwalimu, chakula, nidhamu na wakati. Hayo manne si siri, wala hayauzwi Ulaya peke yake. Yanapatikana popote penye viongozi wanaokubali kupanda mti ambao huenda wasiishi kuuchuma.

Basi bajeti ya michezo itakapopelekwa mezani mwaka huu, na kalamu nyekundu ikatafuta pa kukata, tunawaomba waheshimiwa waikumbuke Kuba ya mwaka 1993. Siku ile ya kukata hakuna aliyelia. Kilio kilikuja miaka kumi na mitano baadaye, na waliokishika kisu hawakuwapo tena kujibu.